Zamu ya Katikati

Kwenye fomu ya mfuko wa serikali kuna viduara viwili.
Mtafiti chipukizi: mwisho miaka thelathini na mitano.
Mtafiti mbobezi: medali, vitabu, wanafunzi walioota mvi.
Mimi nina arobaini na nne.
Nimeupeleka mshale juu, nimeuteremsha chini,
kama anayetafuta jina lake
kwenye karatasi ya waliofaulu.

Saa nne usiku, Birkat al-Mauz.
Migomba imesimama kwenye mwanga wa taa za barabara.
Nyuma yangu friza inakohoa,
nyuzi themanini chini ya sifuri, ikijaliwa.
Biju ameizungushia mkanda kiunoni.
"Daktari," ananiambia, "huyu naye ni mgonjwa wetu."

Ndani mna damu ya watu mia mbili na kumi na wawili
waliozaliwa kabla lami haijafika huku:
wa Nizwa, wa Tanuf, na wa Wete na Mkunazini
waliokuja na sanduku moja
na lugha hii ninayoiandikia.
Kila miaka minne nagonga mlango ule ule.
Bana hiki, bibi, kwa nguvu zako zote.
Tembea kutoka kizingitini hadi kwenye mtungi.
Nitajie miezi kinyumenyume.

Namba 117 ni mama yangu, Bi Shinuna.
"Mnaitaka tena? Damu yangu mnaipikia halua?"
Akakunja mkono wa gauni, akatazama pembeni.
Mara ya kwanza alifika mtungini kwa sekunde sita.
Mara ya pili, nane na nusu.
Mara ya tatu ni mwaka huu,
na mwaka huu sina hata mirija.

Ningewaeleza wa Baraza, kama wangeuliza:
nukta moja ni nukta tu,
mbili unaweza kuzidanganya zikawa mstari,
ya tatu ndiyo inayosema kweli.
Uzee husomwa hivyo, polepole,
na msomaji mwenyewe akizeeka.
Chipukizi atapata shahada aondoke.
Mbobezi ana kiti, na kiti kina mikutano.
Na wazee hawangoji mwaka wa fedha.
Kumi na tisa wameshatangulia
tangu ombi langu la kwanza.

Nilipiga simu Maskati.
Kijana mwenye adabu, sauti ya miaka ishirini na sita:
"Mwakani, inshallah, daktari. Kuna dirisha linafikiriwa."
Nilitamani nimpime kiganja.

Babu alikuwa arifu wa falaji.
Aliyagawa maji kwa kivuli cha mti mchana,
kwa nyota usiku,
na kipimo chake kiliitwa athari: nusu saa ya maji.
Nilipokuwa mdogo nilichanganya lugha zangu,
nikadhani falaji inagawa alama,
kile kinachobaki jambo likishapita.
Sikukosea sana.
Hakuna shamba aliloliruka
kwa sababu halikuwa la kwanza wala la mwisho.

Nilimsimulia mama. Alikuwa anachambua mchele.
"Mtoto analishwa," akasema, "mzee analishwa.
Anayewalisha, nani anamlisha?"
Kisha akaniuliza kama nimekula.
Sikuwa nimekula.

Dakika mbili kabla ya saa sita
nimebonyeza chipukizi. Fomu imenikataa kwa wekundu.
Nimebonyeza mbobezi. Fomu imeniomba medali.
Pale penye maelezo mengine, herufi mia tatu,
nimeandika: Nipo. Kisha nafasi tupu.

Asubuhi, kabla ya kazi, bila sindano,
bila bajeti, saa ya simu mkononi:
"Haya, mama. Kizingitini."
Akafunga mtandio vizuri, kana kwamba kuna wageni.
Akashika ukuta mara moja. Akauachia.
Sekunde kumi na moja.
Nimeandika kwa penseli,
na mkono wangu, nimeuona,
umeanza kuiweka karatasi mbali kidogo na macho.